Premio iliyoshushwa kula tairi kwa ndani

Mkuu, unauliza kwa nini Premio uliyoshusha inakula tairi za mbele kwa ndani wakati alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa tairi) umefanya juzi tu pale Nyakato, Mwanza. Gari ikishuka tairi zinalala, kichwa kinaingia ndani, ila kinachozimaliza fasta zaidi ni pua za hizo tairi, yaani ncha zake za mbele (mafundi huita toe), kutoangalia mbele. Pitisha kiganja kwenye kashata, vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, toka ndani kwenda nje, kisha rudisha. Upande mmoja laini, mwingine unakwaruza kama msumeno? Hiyo ni shida ya pua.

Kabla ya kupanda mashine ya alaimenti kagua bushi na tairodi endi (viungo vya usukani kwenye tairi), upepo uwe sawa, springi mpya ziwe zimeshatulia. Huo mlalo wa tairi (camber) unanyooshwa kwa bolti maalumu pale shokapu inapofungwa, na uanze huo, maana ukiugusa pua nazo zinahama. Nyuma usihangaike, kama si foo wili ni boriti moja isiyo na cha kurekebisha. Dai karatasi ya vipimo, kabla na baada. Fundi wa "iko poa bosi" bila karatasi mkimbie. Beba na vipande vya mbao vya kupandia kwenye mashine, gari iko chini, bampa lako litakushukuru.

Tairi zako, kama nyuzi hazijatoka na hazina mshale wa uelekeo wala maandishi ya OUTSIDE, zinaweza kugeuzwa kwenye rimu, upande ulioliwa ukae nje.