Maswali na Majibu: Vipimo vya Haraka na Chanjo Mikononi mwa Serikali

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, lakini barua kuhusu maamuzi ya serikali zetu wakati wa janga lile bado zinakuja. Wiki hii ninajibu nne kati ya hizo.

Mimi ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Nilipimwa kwa kipimo cha haraka nikaambiwa sina maambukizi, lakini siku mbili baadaye kipimo cha maabara kikasema ninayo. Ni kipi kilichokosea?

Inawezekana kabisa kwamba vyote viwili vilisema kweli. Kipimo cha haraka hutafuta antijeni, yaani protini za kirusi chenyewe, na hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 30, ila huhitaji virusi viwe vimeshakuwa vingi puani. Kipimo cha maabara, yaani PCR, huzidisha vinasaba vya kirusi mara nyingi sana, ndiyo maana hukibaini mapema, na huweza kuendelea kukibaini hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona na kuacha kuambukiza. Ndani ya siku mbili ulizotaja, hali ya mwili wako inaweza kuwa ilibadilika.

Ninachokilaumu ni utaratibu. Cheti cha PCR kilichotambuliwa na nchi za Afrika Mashariki kwa siku 14 hakikuweza kueleza hali ya dereva katika siku ya kumi na mbili. Mwaka 2020, madereva waliolala siku kadhaa kwenye foleni ya mpaka wa Malaba wakisubiri majibu ya maabara waliwekwa, kwa maoni yangu, katika mazingira yaleyale ya msongamano tuliyokuwa tukiambiwa tuyakwepe.

Kwa nini serikali hazikumpima kila mwananchi na kumaliza kazi?

Slovakia ilijaribu. Tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba 2020 ilipima kwa antijeni watu zaidi ya milioni 3.6, na takribani asilimia 1 wakakutwa na maambukizi. Maambukizi yalipungua kwa muda, kisha yakapanda tena vibaya majira ya baridi, kwa kuwa kipimo cha leo hakimlindi mtu dhidi ya maambukizi ya kesho.

Kuna pia suala la hesabu, na ningependa tulifuate polepole. Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo cha haraka kiwabaini angalau wagonjwa 80 katika kila 100, na kiwape majibu sahihi angalau watu 97 katika kila 100 wasio na maambukizi. Chukua mji wa watu 10,000 ambamo walioambukizwa ni 100. Kipimo cha kiwango hicho kitawabaini wagonjwa 80 na kuwaacha 20, lakini katika wazima 9,900 kitawaita wagonjwa watu 297. Kati ya watu 377 watakaoambiwa wameambukizwa, ni mmoja tu katika kila watano ambaye ni mgonjwa kweli. Sasa pima watu 10,000 wenye homa na kikohozi wakati wa wimbi, ambao 2,000 kati yao wameambukizwa: utawabaini 1,600, na watakaosingiziwa ni 240. Kipimo ni kilekile, lakini mara hii majibu yake yanaaminika. Ndiyo maana vipimo hivyo vilifaa zaidi kuelekezwa zahanati, magerezani na kwa watu waliokaa na mgonjwa, hasa kwa nchi ambazo mwaka 2020 ziliahidiwa bei isiyozidi dola 5 kwa kipimo, bei ambayo bado ilikuwa mzigo.

Je, serikali ina haki ya kumnyima huduma mtu asiyechanjwa?

Kenya ilitangaza Novemba 2021 kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba huduma za serikali zingetolewa kwa wenye uthibitisho wa chanjo, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kabla halijaanza. Ninaamini mahakama ilifanya vyema. Wakati huo watu wazima wengi nchini humo walikuwa bado hawajachanjwa, na chanjo hizo zilikinga dhidi ya ugonjwa mkali na kifo vizuri zaidi kuliko zilivyozuia maambukizi, kwa hiyo cheti hakikuwa uthibitisho kwamba aliyekibeba hawezi kumwambukiza jirani yake.

Mama yangu, mkazi wa Mwanza, alikataa chanjo hadi mwisho. Je, watu wetu ni wabishi tu?

Sikubali kumwita mama mbishi. Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za mbuzi na papai zilitoa majibu ya kuwa na maambukizi, na takwimu za taifa zikaacha kutolewa. Januari 2021 akazitilia shaka chanjo hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera, siku chache baada ya kupokelewa dozi zaidi ya milioni 1 za Johnson & Johnson. Mwananchi aliyeisikiliza serikali yake kwa utiifu alitakiwa kugeuka ndani ya miezi sita. Mwitikio ulianza kukua pale wahudumu wa afya walipoifuata jamii nyumba kwa nyumba, minadani na kwenye nyumba za ibada, wakajibu maswali ya mtu mmoja mmoja. Mama yako alihitaji mtu wa kuketi naye hivyo, na alimhitaji mapema zaidi.