Sauna za London: jibu kwa kijana wa Kisauni

Kijana wa Kisauni ameuliza mambo mawili: anakwenda London wiki mbili, aingie sauna ipi ya mashoga, na je, hapa Mombasa iko ya kuanzia? Nimekaa London miaka minne nikiosha vyombo hotelini, kwa hivyo najibu niliyoyaona.

Yakhe, mara ya kwanza kuambiwa nilipe pesa ili nitoke jasho, nilicheka. Februari, kaskazi imekaza, jasho la Mwembe Tayari ni bure! Ila baridi ya kule ikishakuingia mifupani utaelewa.

Nilizozizoea ni mbili. Pleasuredrome iko karibu na stesheni ya Waterloo, kwenye matao ya reli, haifungwi usiku wala mchana. Sweatbox iko Soho, si mbali na Oxford Circus, na ina jimu pia, kwa hivyo ukiona vifua vimejaa usijidharau. Chariots ya Shoreditch bado inatajwa kwenye kurasa za zamani. Usiihangaikie, ilifungwa 2016.

Watu hubishana ni wapi penye jakuzi kubwa. Mimi naangalia saa, kisha namwangalia aliye kaunta. Nyumba ile ile, Jumanne alasiri utakuta wastaafu wamekaa na chai zao wakipiga soga. Jumapili alfajiri wanamiminika waliokesha vilabuni, na baadhi yao macho hayapo hapa. Mara moja, mahali nisipopataja, jamaa alinishika mkono nikamwambia hapana, akashika tena. Nikaenda kaunta na taulo langu, maji yakinichuruzika. Yule kijana akainua mabega tu, akarudi kwenye simu yake. Sikukanyaga tena pale. Kwingine jambo kama hilo lilitokea nikimtazama tu mhudumu: alikuja, akamwonyesha yule mtu mlango, basi. Pesa yangu huipeleka kwa huyo.

Ukiingia utapewa taulo na ufunguo wa kabati, unauvaa mkononi kwa mpira. Simu iache kabatini, ukiitoa watakufukuza, na haki yao. Beba ndara. Beba na kikoi: taulo lao ni fupi, na mtu aliyezoea kufunga kikoi anatembea akilishika kama ameliiba. Kukataa ni kutikisa kichwa tu, huhitaji kueleza. Kinywaji usichokifungua mwenyewe usinywe. Kuna dawa ya kulevya ya majimaji wanaiita G. Ikikutana na pombe mtu huzimika pumzi akidhaniwa amelala.

Vidonge vya PrEP, vya kujikinga na virusi vya ukimwi, anza kabla ya kuondoka, wiki moja au zaidi. Kenya vinatolewa tangu 2017, huna haja ya kungoja Ulaya. Ila havizuii kaswende wala kisonono, kwa hivyo kondomu usiziache. Ukipata wasiwasi kule, nenda kliniki ya 56 Dean Street, papo hapo Soho: kupimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa ni bure hata kwa mgeni. Dawa ya dharura ya kuzuia virusi hivyo, PEP, huanzwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa ina maana.

Sasa Mombasa. Sauna ya watu wetu sijaiona hapa, na anayekuuzia moja kwenye programu za simu mwogope. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kinachotumika dhidi ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume, bado kipo, jela miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Ahueni tuliyopata ni ya 2018, Mahakama ya Rufani papa hapa Mombasa iliposema kumpima mtu njia ya haja kubwa kwa lazima ni kinyume cha katiba. Wale wa Mtwapa walionialika "spa ya siri" hawakuwa na habari na mahakama yoyote. Chumba kilikuwa na ndoo, kitanda cha masaji na kiyoyozi kibovu. Dakika kumi, wakaingia wanaume wawili wakijiita askari, wakanitaka nifungue M-Pesa mbele yao. Elfu kumi na nane zikaenda. Kituoni sikuthubutu kwenda, na wao walijua hivyo tangu mwanzo. Mvuke wa jimu au wa hoteli nenda ukaoge, utoke, urudi nyumbani. Macho yako yaweke sakafuni.