Mstari ulionyooka uliniulia matumbawe

Juzi usiku kijana mmoja wa Leicester kanitumia picha ya grafu. Ni ya tangi lake la matumbawe ya baharini: KH, yaani kipimo cha kaboneti majini ambayo matumbawe hujengea mifupa, 8.2, siku kumi na tisa mfululizo, mstari umelala kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa ikakazika. Chini yake kaandika: "Kaka, nimehitimu. Kuna mtu anataka Salifert yangu? Mimi siihitaji tena." Salifert ni kile kifaa cha kupimia KH kwa mkono. Nikailaza simu kifudifudi, nikaenda kubandika chai. Mke wangu akauliza nani amefariki.

Wadogo zangu, nawapenda. Ila huyu ni wa nne mwaka huu, na hatua ni zilezile. Mtu ananunua pampu za dozi, zile za kutia KH na kalsiamu kidogokidogo, kisha mashine ya kupima, kisha anaziunganisha ziongee zenyewe, kisha anauza vifaa vya kupimia kwa mkono ili arudishe hela. Baada ya miezi miwili ananipigia kwa sauti ya mtu aliye msibani. Basi nayaandika mara moja, mnikome. KH ni nini sitaeleza zaidi ya hapo juu. Kama hujui, irudishe mashine kwenye boksi, pima kwa mkono miezi sita, halafu tuonane.

1. Jua tangi lako linakula kiasi gani kabla ya kuliajiria mpishi.

Zima dozi siku mbili, pima saa ileile, toa, gawa. Tangi langu la lita 300 lilikuwa linakula dKH 0.8 (dKH ni digrii za KH) kwa siku. Kwa mchanganyiko wangu wa gramu 84 za sodiamu bikaboneti katika lita moja, hiyo ni kama mililita 86 kila siku. Iandike kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plasta, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Ishike hiyo 86, tutairudia na haitakuwa habari njema.

2. Maji kwanza.

TDS, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka, ya maji yanayotoka kwenye RO/DI, ile mitambo ya kuchuja, ikiwa si 0, usichanganye chumvi. Maji ya bomba ya hapa London yanaacha ukoko kwenye birika kwa wiki moja tu. Tangi lako lina undugu gani nayo hata yalionee huruma? Mara ya kwanza nilipomweleza mama, akiwa Tanga, kwamba nachuja maji mpaka yasibaki na kitu, halafu nanunua chumvi ya ndoo ili niyageuze kuwa ya bahari, alinyamaza muda. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ya huku imekosa nini?" Mpaka leo sina jibu la maana.

3. KH na kalsiamu wasikutane mlangoni.

Mipira miwili, sehemu mbili, saa tofauti, na zote mbili pale penye mkondo mkali. Kuna mmoja wenu, simtaji, alipitisha mipira yote kwenye tundu moja kwa sababu "inapendeza." Saa nne usiku akanipigia: "Kaka, maji yamekuwa tui." Na kweli lilikuwa tui, tena la kwanza. Ile ni kalsiamu kaboneti, inashuka chini na kuganda kwenye pampu, na pesa yako yote imo humo. Ncha za mipira zikae juu ya maji, zisizame, la sivyo siku roli za pampu zikichoka chombo kizima kitajimimina chenyewe ukiwa umelala. Na kila dKH 2.8 inayoliwa huondoka na kalsiamu kama miligramu 20 kwa lita. Hesabu hizo mbili zikikataa kuoana, mmoja wao ni mwongo.

4. Mashine isipewe kazi ya kupima, kutia, na kujitolea ushahidi.

Hapa kaeni chini.

Mwaka 2021 nilikuwa na tangi ambalo watu walikuja kwangu kwa kisingizio cha chai ili walitazame. Akropora, matumbawe ya matawi, kumi na moja, sita nilizikuza kutoka vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya zambarau, nikaiita Bibi, kwa kuwa ilikuwa kongwe na haikupenda kuguswaguswa. Nikanunua mashine ya kupima KH, ile ya kuvuta maji kutoka kwenye sampu, tangi dogo la chini, na kuyadondoshea asidi huku probu ya pH ikisoma. Mwezi mzima wa kwanza niliilinganisha na mkono kila Jumamosi, tofauti haikuzidi 0.2. Nikaiamini. Kisha nikabonyeza kile kitufe mnachokijua, nikairuhusu iamrishe pampu. Ikisoma chini ya 8.0, iongeze, ikisoma juu, ipunguze.

Mstari ukanyooka. Wallahi ulinyooka. Niliuweka kwenye status yangu ya WhatsApp, shangazi yangu akajibu "hongera" akidhani ni presha yangu imetulia. Zile Jumamosi za kupima kwa mkono nikaziacha, maana nani anamkagua mfanyakazi hodari?

Lakini kuna kitu kimoja mstari haukukionyesha. Mpira wa kuvutia sampuli ulikuwa na ufa wa unywele, pale unapoingia kwenye kiungio. Pampu ilipovuta, ilivuta maji na hewa. Mashine ikadhani imepata mililita zake kamili, kumbe imepunjwa. Maji pungufu yanamalizwa na asidi pungufu, na asidi pungufu, kwa hesabu yake, ni KH iliyoshuka. Ikaiambia pampu iongeze. Ufa ukatanuka kidogo, ikaona KH imeshuka tena, ikaongeza tena. Na kwa kuwa ilikuwa inaongeza mpaka isome 8.0, kila siku ilisoma 8.0. Ni sawa na muuza mchele mwenye kibaba kilichojaa gundi chini: kwa macho yake, kila mteja ameondoka na kibaba kamili.

Nilipewa nafasi tatu za kushtuka. Ya kwanza ni rekodi ya dozi. Ile 86 niliyowaambia ilikuwa imepanda mpaka 118 ndani ya siku 24, wala sikuwa nimeongeza hata kipande kimoja. Niliiona. Nikajiambia watoto wanakua, wanakula. Ya pili ni ukoko mweupe kwenye hita na kwenye propela za pampu za mkondo; nikazilaza kwenye siki, zikang'aa, nikaridhika na usafi wangu. Ya tatu ni ncha za akropora kuwa nyeupe, kama vidole vilivyochovywa kwenye unga. Mke wangu alizitazama akiwa anapita na kapu la nguo. "Hizi zinaumwa?" Nikamjibu, na sisi wote wawili tunalikumbuka jibu hilo, yeye zaidi yangu: "Hapana, huo ni ukuaji."

Siku ya 24 nilikuwa natafuta mkasi kwenye droo nikakutana na Salifert. Nikapima kwa mchezo tu. Mililita nne za maji, matone yake ya rangi, nikaanza kusukuma sirinji. Rangi haikugeuka pale nilipozoea. Nikasukuma. Haikugeuka. Ilipogeuka nikasoma 11.6. Nikasema kitendanishi kimeharibika. Nikarudia, 11.6. Nikaitoa Hanna, kipimo changu kingine cha mkono, nikafuta kichupa chake kama mtu anayefuta miwani kabla ya kusoma barua ya mahakama: 11.5. Nikafungua simu. Mashine ilisema 8.0, na pembeni ina alama ya tiki ya kijani.

Sasa sikieni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila mtu husikia vibaya. Mpaka saa ile hakuna hata moja iliyokuwa imekufa. Ncha zilikuwa zimeungua, basi. Mashine ilinidanganya wiki tatu na nusu na haikuua kitu. Aliyeua ni mimi, usiku uleule, kwa mikono hii.

Nilikuwa na pipa la maji mapya, lita 150, chumvi yake inakuja na KH 7. Nikabadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo mmoja. Sikusubiri hata yapate joto. Yalikuwa nyuzi 22, tangi lilikuwa 26. KH ikaangukia 9.3 nami nikajipongeza. Halafu nikazima dozi yote "ili wapumue." Kesho yake usiku ilikuwa 8.4. Zaidi ya dKH 3 kwa siku moja na ushee, juu ya ngozi zilizokwisha kuungua.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikuwa amebambuka ngozi kuanzia shina. Waliowahi kuona RTN, ule ugonjwa wa nyama ya tumbawe kufa kwa kasi, wanajua: nyama inanyofoka vipande vipande na kuelea kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nilikata ncha zilizobaki na rangi, nikazigundisha kwenye jiwe lingine, saa sita mchana nazo zikawa mifupa. Siku nne, akropora tisa kati ya kumi na moja. Skima, chujio la povu, ilitoa uchafu wenye harufu ya soko la samaki wakati wa kufunga. Mke wangu hakulitaja lile neno "ukuaji." Aliniwekea chai, akaondoka taratibu, na hilo ndilo liliniuma kuliko angecheka.

Nilichopaswa kufanya hakikuhitaji hata ndoo. Kuivua mashine amri ya pampu, kurudisha dozi kwa mkono kwenye nusu ya ile 86, tuseme mililita 43, na kuliacha tangi lijilie lenyewe. KH ingeshuka 0.4 kila siku, siku nane tumefika. Siku nane za kukaa na mikono mfukoni. Sikuweza hata saa moja.

Tangu siku hiyo kila mashine yangu ina uzio: inaruhusiwa kubadilisha dozi kwa asilimia 10 juu au chini, ikitaka zaidi inanipigia kengele. Na grafu ninayoitazama kwanza asubuhi ni ya dozi, siyo ya KH. Mkiiweka mashine iilinde KH, grafu ya KH haina tena cha kuwaambia.

5. Yale madogo ambayo hakuna anayeyauliza.

Pima pampu kwa silinda kila mwezi, siyo kwa imani. Badilisha mipira kabla haijakuomba. Probu ya pH irudishwe kwenye 7 na 4 kila mwezi, na kama bafa, maji ya kusawazishia probu, imekaa wazi tangu Ramadhani, hiyo si bafa tena. Ncha ya mpira wa sampuli ikae chini kabisa kwenye sampu, mbali na viputo vya skima. Kitendanishi kipya, pima kwa mkono siku hiyohiyo.

Chokaa, ya kulisha tangi KH na kalsiamu. Najua mnaogopa, na mna haki, pH yake inafika 12.4. Mkiitia kwenye maji ya kujazia yanayopotea kwa mvuke, boya moja halitoshi, wekeni mawili na kikomo cha muda. Lakini mimi naipenda kwa sababu zisizo za kikemia. Mababu zetu pwani walichoma matumbawe kwenye tanuri wakapata chokaa, wakajengea nyumba na misikiti ambayo bado imesimama. Mjukuu wao niko ghorofa ya tatu London, nakoroga chokaa kwenye pipa nikiibembeleza irudi kuwa matumbawe.

6. Safari.

Ukienda likizo, mtu wa nyumbani aachiwe karatasi moja yenye mistari mitatu, na mstari wa kwanza useme: usiguse, nipigie. Mimi mwaka juzi niliacha karatasi nne za maelekezo nikaenda Tanga wiki tatu. Mke wangu hakuzisoma. Alichomoa mashine ya kupima kwa sababu ilikuwa inapiga kelele usiku, akaiacha pampu iendelee na dozi yake ya kila siku kama nilivyoipanga mwanzo. Nimerudi nikakuta KH 8.3. Msimwambie kwamba nimeandika hili.

7. Ya saba ilikuwa magnesiamu, lakini yule kijana wa Leicester amejibu sasa hivi. Nilikuwa nimemwomba jambo moja tu: kabla hajaigawa Salifert, apime mara moja ya mwisho, kwa heshima yangu.

"Kaka, mashine inasema 8.2. Salifert inasema 9.9. Nimeshajaza ndoo maji mapya, naanza kubadilisha?"

Ngoja nimpigie.