Mvinyo mwekundu wa Dodoma upoze kwanza

Wengi wanaosema mvinyo wa Dodoma ni mkali wameunywa ukiwa wa moto. Chupa imeshinda kwenye rafu ya duka mwezi wa Oktoba, joto limevuka nyuzi 30, kisha inafunguliwa papo hapo na kumiminwa mpaka ukingoni mwa glasi. Hata chupa ya bei kubwa kutoka Ufaransa ingeunguza koo namna hiyo. Mvinyo ukishapata joto, kilevi hupaa puani kabla ya kitu kingine, na harufu ya tunda haisikiki tena.

Kosa linatokana na ushauri wa zamani kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, nyumba ya mawe yenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma hukaribia hapo usiku wa Juni na Julai tu. Kwa hiyo mwekundu ukae kwenye friji kama saa moja kabla ya kunywa, na mweupe kama saa tatu, ufike nyuzi 8 hadi 12. Kama wageni wameshakaa, chukua ndoo, weka barafu nusu na maji nusu, tia kiganja cha chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni. Mwekundu utakuwa tayari kwa dakika 10, mweupe kwa dakika 20 na kidogo. Maji yasikosekane, maana barafu peke yake huigusa chupa sehemu chache tu. Barafu ndani ya glasi hatuishauri kabisa. Inayeyuka, na unabaki na maji yenye rangi.

Umeme ukikatika, mtungi upo. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu udongo unavuja jasho na upepo unalikausha, na hewa kavu ya Dodoma inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko hewa ya Pwani. Simamisha chupa ndani ya mtungi uliojaa maji, kivulini penye upepo, tangu asubuhi. Jioni mwekundu utakuwa umepoa kiasi cha kunyweka vizuri. Mweupe hautafika unapotakiwa, basi siku hiyo unywe mwekundu.

Glasi ijazwe theluthi moja tu. Nafasi inayobaki ni ya harufu. Shika mguu wa glasi, kwa kuwa kiganja kinapasha moto kile ulichohangaika kukipoza. Zungusha taratibu, nusa, kisha piga funda dogo na ulikalishe mdomoni kabla ya kumeza. Uchachu utausikia mate yakitoka. Ukakasi utausikia kwenye ufizi, ule ule wa ndizi mbichi, na chanzo chake ni maganda na mbegu za zabibu. Vyote viwili si kasoro, mradi kimoja kisimeze kingine.

Usihangaike kutafuta matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyala. Kama unasikia zambarau, ubuyu, kwaju au udongo ulioguswa na mvua ya kwanza, sema hivyo hivyo. Pua yako imefundishwa na jiko lenu, na maneno hayo ni sahihi kuliko ya kuazima.

Kasoro za kweli zinajulikana. Harufu ya siki au ya gundi ni kazi ya bakteria na hewa, na haiponi. Harufu ya boksi lililoloa imetoka kwenye kizibo cha gome, na hiyo nayo haiponi. Harufu ya mayai viza mara nyingi huondoka ukiuhamishia mvinyo kwenye jagi na kuusubiri robo saa. Mwekundu mchanga wenye ukingo wa rangi ya kahawia umeshaungua kwa joto au hewa. Dukani, iache chupa iliyokaa dirishani juani, na ile ambayo kizibo kimejisukuma juu.

Kwa chakula, mafuta na nyama hulainisha ukakasi, ndiyo maana mbuzi wa kuchoma wa mnada wa Msalato na mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wanaelewana. Samaki na mwekundu wenye ukakasi mwingi huacha ladha ya chuma mdomoni, hivyo sato apewe mweupe. Pilipili nyingi huukuza moto wa kilevi, kwa hiyo tafuta mweupe wenye utamu kidogo. Mlenda, kwa maoni yetu, unaupenda mweupe mkavu uliopoa sana, kwa sababu uchachu unakata utelezi.

Chupa moja ya mililita 750 ni glasi tano za wastani, na inatosha watu watatu au wanne mezani. Kila glasi iende na glasi ya maji. Mwenye funguo za gari asinywe.

Kinachobaki kimimine kwenye chupa ndogo mpaka mdomoni, hewa isipate nafasi, uzibe na kuweka kwenye friji, hata kama ni mwekundu. Kitadumu siku tatu hivi. Ukisahau mpaka kikachachuka, kiweke kwenye mtungi mdogo, funika kwa kitambaa chepesi nzi wasiingie, na baada ya wiki kadhaa utakuwa na siki nzuri ya kachumbari.