Maswali ya Wasomaji: Maji ya Bomba Lako Yachague Samaki Kwanza

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina tangi la kioo sebuleni, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Nilianza na goldifishi wawili, neoni sita, enjelifishi mmoja, na samaki wawili wa mistari ambao vijana walinitolea kwenye mawe ziwani. Wiki tatu hazijaisha, neoni wote wamekufa, enjeli amejibanza kwenye kona, na wale wa ziwani wanamshambulia kila anayepita. Goldifishi tu ndio wazima. Je, tangi ni dogo mno? Nichanganye samaki gani wakae kwa amani?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Tangi ni dogo kweli, ila si hilo lililowaua neoni. Zidisha 60 kwa 30 kwa 35, gawa kwa 1,000, unapata lita 63. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu unabaki na lita kama 53, ambazo zinatosha kundi moja dogo la samaki wenye tabia zinazofanana. Wako wametoka pande tatu za dunia, na hawakubaliani hata juu ya maji yenyewe.

Neoni ni wa mito ya Amazoni, maji laini, yaani yenye madini machache, na pH (kipimo cha asidi ya maji) iliyo chini ya 7. Goldifishi anapenda ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22, anachafua maji kuliko umbo lake linavyoonyesha, na akikua anapita sentimita 15. Enjeli anahitaji tangi refu kwenda juu na lita zisizopungua 100. Akiwa mkubwa, neoni kwake ni chakula. Wale wa mistari ndio wenyeji. Maji ya bomba ya mji wa Kigoma yanavutwa ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya takriban 8.6 hadi 9.2, yamejaa madini, na juu yana joto la nyuzi 24 hadi 27. Wapo kwao. Wewe umewaletea wageni, nao wanalinda eneo lao kama wanavyofanya kwenye mawe.

Tena, kwa maji ya Kigoma tangi jipya ni hatari kuliko kwingine. Kinyesi na chakula kinachooza hutoa amonia, nayo ndani ya maji huwa na sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine inaunguza mashavu ya samaki. Kwenye maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, sura hiyo kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 ni kama theluthi nzima. Kwa hiyo kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mtu mwingine wanakistahimili, kwako kinaua.

Dawa yake ni kulipa tangi muda. Weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, jaza maji, dondosha chembechembe za chakula kila siku bila samaki, kisha subiri wiki 4 hadi 6. Bakteria wataota kwenye sponji: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Pima kwa vipimo vya matone. Amonia na nitriti zikisoma sifuri huku nitrati ikionekana, tangi limeiva. Sponji usiioshe bombani, klorini itawaua bakteria wako. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Sasa uchaguzi. Goldifishi wahamie bwawani au kwenye pipa kubwa kivulini. Enjeli mrudishie aliyekuuzia. Wa ziwani wasirudi ziwani, kwani wamekaa na samaki wa dukani na wanaweza kubeba magonjwa. Watafutie tangi lao. Na unapoagiza wengine, kumbuka kwamba kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni, na maji ya hifadhi za Gombe na Mahale hayaguswi.

Kwa lita 53 za maji ya Kigoma, ushauri wetu ni sikilidi (samaki wa jamii ya perege) wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, *Neolamprologus multifasciatus*. Dume hafiki sentimita 5, jike ni kama 3. Anza na sita wadogo waliochanganyika. Mwaga mchanga laini wa kina cha sentimita 5, tandaza makombe ya konokono yasiyopungua 15 (mawili au matatu kwa kila samaki), yawe yamechemshwa dakika kumi na kusuguliwa ndani. Weka kombe moja limelala juu ya mchanga, utazame: samaki anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anazunguka, anachota tena, mpaka kombe lote limezama na umebaki mlango tu. Usimpangie upya. Chakula ni punje ndogo zilizosagwa na viluwiluwi vya mbu kutoka maji safi. Humo usiongeze aina nyingine. Mwenye tangi la sentimita 90 hadi 100 ndiye anaweza kurundika mawe upande mmoja na kuweka jozi ya *Julidochromis ornatus*. Hao wanabaki maweni na makombe wanawaachia wenzao.

Trofeasi, sikilidi mwingine wa Ziwa Tanganyika, hata akikuvutia kwa rangi, mwache. Anahitaji tangi la zaidi ya mita moja na kundi la kumi na mbili au zaidi, la sivyo mbabe mmoja atawamaliza wengine. Ni mla mwani, na ukimlisha vyakula vya nyama tumbo linavimba na anakufa.

Kama sikilidi hawakuvutii, chukua gapi, dume mmoja kwa majike watatu, au madume watupu kama hutaki watoto. Jike huzaa kila baada ya wiki tatu hadi nne, na anaweza kutunza mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo kumtoa dume leo hakuzuii uzazi wa kesho. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza ya mvua: yanayopaa ni maji, madini yanabaki, na ukijazia ya bomba tu ugumu unapanda kila wiki. Kila wiki badilisha robo ya maji kwa yale ya bomba yaliyokaa saa 24 kwenye ndoo wazi.

SWALI: Nina beta dume peke yake kwenye lita 60. Naona tangi limepooza. Jirani kaniambia niongeze gapi wa rangi. Maji yangu ni ya bomba.
*Msomaji, Cheyo, Tabora*

JIBU: Gapi hapana. Beta dume akiona mkia mpana wenye rangi anadhani ni beta mwenzake, na gapi ana mkia wa hivyo hasa. Samaki aitwaye tiger babu naye hapana, kwani atamnyofoa beta mapezi mpaka abaki kijiti.

Uzuri ni kwamba maji ya Ziwa Victoria yaliyoletwa Tabora ni laini, yanawafaa samaki wengi ambao Kigoma wangeteseka. Pima tu kwanza; kama nyumba yenu inachanganya na kisima kirefu, majibu yatakuwa tofauti. pH ikiwa kati ya 6.5 na 7.5, ongeza koridora wadogo sita na rasbora wanane. Koridora anakaa chini, rasbora katikati, beta juu, kila mmoja na njia yake. Chini weka mchanga, maana kokoto zenye ncha hukata sharubu za koridora na vidonda hivyo huoza. Usipunguze idadi: koridora wawili hujificha siku nzima, sita hutembea.

Utaratibu wa kuingiza una maana. Mtoe beta umweke kwenye chombo kingine chenye maji ya tangi hilohilo. Ingiza koridora, baada ya wiki mbili rasbora, wiki nyingine mbili ndipo beta arudi, nawe uwe umehamisha mawe na mimea. Akirudi anakuta mtaa umebadilika, hana eneo la kudai. Acha sentimita 4 za hewa chini ya mfuniko: beta huvuta hewa juu ya maji, na pia huruka.

Usiku wa Juni na Julai Tabora hushuka hadi karibu nyuzi 15. Nunua hita ya wati 50, iweke 26. Na maji laini yana udhaifu wake: hayana madini ya kuzuia asidi, kwa hiyo ukiruka kubadilisha maji kwa mwezi, pH inaporomoka na bakteria wa chujio wanalegea. Ikishuka chini ya 6, tia vipande viwili vitatu vya kombe kwenye chujio, na rudia ratiba ya kila wiki.

SWALI: Nimepata pleko wa kusafisha kioo na perege wawili wa sentimita 4. Wanakaa na gapi?
*Msomaji, Ujiji*

JIBU: Kwa mwezi mmoja hivi. Perege anakua haraka na gapi watakuwa kitoweo chake. Kwao ni bwawani. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30, na kinyesi chake kinazidi mwani anaoula. Kioo kisugue kwa kadi ya plastiki.

SWALI: Mara ya mwisho niliagiza gapi na moli kutoka Dar kwa treni. Walifika wazima. Nikauacha mfuko uelee tangini, nikaongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima kama nilivyofundishwa. Usiku uleule wakafa karibu wote. Sasa naogopa kuagiza tena.
*Msomaji, Gungu, Kigoma*

JIBU: Njia uliyofundishwa inafaa kwa mfuko wa saa mbili tatu. Kwa safari ya treni inaua, na zaidi Kigoma. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki wanatoa amonia, lakini pia wanatoa kaboni dioksaidi, ambayo inashusha pH na kuifanya amonia hiyo isiwe kali. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda. Ukiongeza maji yako ya pH 9 inapanda zaidi. Saa nzima uliyowaacha humo walikuwa kwenye sumu uliyoiamsha mwenyewe bila kujua.

Safari hii mwambie muuzaji asiwalishe saa 24 kabla, afunge mifuko miwili miwili, maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, na akuandikie pH ya maji yake. Nyumbani andaa ndoo ya lita 20 yenye lita 10 za maji ya mvua yaliyochanganywa na ya bomba yaliyokaa, mpaka pH ikaribie ya muuzaji. Tia jiwe la hewa. Mfuko ukiwa bado umefungwa, uelee ndooni dakika 20 ili joto lilingane. Kisha ukate, mimina kupitia wavu juu ya beseni, samaki waingie ndooni papo hapo. Maji ya mfuko mwaga.

Hapo ndipo taratibu inaanza. Chukua mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kupunguzia, uvute maji ya tangi hadi ndooni kwa kasi ya lita moja kila dakika 20. Baada ya saa tatu na kidogo ndoo imejaa; nusu yake ni maji yako. Wahamishe kwa wavu. Zima taa, usiwape chakula mpaka kesho yake. Wakikunja mapezi au wakihema juu ya maji, badilisha theluthi ya maji na upime amonia kabla ya kufikiria dawa yoyote.