Soksi za kubana zimeishia kabatini

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, nafundisha shule ya msingi. Mishipa ya mguu wangu wa kushoto imevimba na kujikunja. Ikifika saa tisa mchana mguu ni mzito, kiatu kinabana, na usiku tafu linakaza. Nilinunua soksi za kubana zikaniumiza, nikazitupia kabatini. Naambiwa ni utu uzima. Siku hizi hata harusini sichezi, nakaa tu na kitenge kirefu. Nifanyeje?
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huo si utu uzima. Damu ya mguuni hurudi moyoni kwa kupanda, ikisukumwa na misuli ya tafu kila unapopiga hatua, na vali (vilango vidogo) zilizo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huizuia isishuke tena. Vali zikilegea (kwa kurithi, mimba kadhaa, unene, au damu iliyowahi kuganda) damu hutuama. Mtu akisimama tuli, presha ya vena kwenye kifundo hufika kama mmHg 90 (mmHg ni kipimo cha presha). Mwenye vali nzima akitembea hushuka hadi karibu 30. Yako haishuki vya kutosha, na kusimama ubaoni kunaizidisha.

Tuje kwenye soksi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Hazinunuliwi kwa namba ya kiatu. Asubuhi, kabla mguu haujavimba, chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko wa kifundo palipo pembamba kabisa, wa tafu palipo panene, na urefu toka kisigino hadi chini ya goti. Linganisha na jedwali lililo kwenye boksi. Kwa hali yako, za mmHg 20–30 kwa kawaida hutosha.

Vaa kabla hujashuka kitandani. Ukioga kwanza, lala tena miguu juu dakika 10 hadi 15. Igeuze soksi nje-ndani hadi kisigino, ingiza mguu, kisigino kikae mahali pake, kisha ipandishe kidogo kidogo kwa viganja. Glavu za kuoshea vyombo husaidia kushika. Ikizidi urefu usiikunje juu: mkunjo hukaba, na chini yake mguu huvimba zaidi. Ivue unapolala, ndipo upake mafuta. Ukivaa kila siku, baada ya miezi sita hivi huwa imelegea.

Kama una kisukari, unavuta sigara, au tafu huuma ukitembea na kupoa ukisimama, usivae kabla ya kupimwa mishipa inayopeleka damu mguuni. Na kama unameza amlodipini ya presha, nayo huvimbisha miguu. Usiiache, mwambie daktari wako.

Kati ya vipindi inua visigino mara 20. Jioni lala nusu saa miguu ikiwa juu ya usawa wa moyo (kigoda cha chini ya meza hakifiki huko).

Hilo la harusini liseme hospitalini bila haya. Ipo hojaji iitwayo CIVIQ, iliyotungwa Ufaransa, yenye maswali 20 kuhusu maumivu, kutembea, hisia za mtu na maisha yake na wenzake. Unene wa mshipa haupimi mateso: mwenye mishipa minene huenda asisikie kitu, na mwenye myembamba akakosa usingizi. Soksi zikishindwa, omba ultrasaundi ya Dopla, kipimo kinachoonyesha damu inavyopita mishipani. Ikionyesha damu inarudi chini, vena huweza kuzibwa kwa leza, kwa sindano ya povu, au kuondolewa kwa upasuaji.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mama ana kidonda juu ya kifundo, upande wa ndani, mwezi wa tano sasa. Ngozi imekuwa nyeusi. Tunamwagia unga wa kapsuli.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Acheni huo unga, hukauka ukaganda kidondani na kuwasha ngozi. Weusi ni madini ya chuma ya damu iliyovujia kwenye ngozi. Kidonda cha vena huponywa na bandeji za kubana za tabaka kadhaa, zifungwe na muuguzi aliyefunzwa, toka vidoleni hadi chini ya goti. Kwanza presha ya kifundo igawanywe kwa ya mkono: ikiwa chini ya 0.8, asifungwe bila mtaalamu. Akiwa na kisukari, namba hiyo isiaminiwe peke yake, kwani mishipa iliyokakamaa huipandisha, aombewe Dopla.