Fimbo ya Babu: Niiuze au Nivulie?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Marehemu babu kaniachia fimbo ya kuvulia ya mwanzi: vipande vitatu na ncha ya akiba, ndani ya mfuko wa kitambaa. Juu ya mpini pameandikwa Hardy, Palakona. Kuna mtu ananipa shilingi elfu hamsini, na fundi seremala anataka aipige msasa na vanishi mpya. Niiuze? Naweza kuvulia kolekole?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba. Kwa elfu hamsini usiuze, na msasa usiisogelee kabisa. Hardy ni kampuni ya Alnwick, Uingereza, iliyoanzishwa 1872. Palakona ni jina walilozipa fimbo zao za mwanzi uliopasuliwa, vijiti sita vya pembe tatu vilivyogandishwa kwa gundi. Nguvu yote ya mwanzi iko kwenye nyuzi za nje, na hizo ndizo msasa unazozila kwanza. Maandishi na uzi wa hariri navyo vitaondoka, na mkusanyaji hulipia hivyo hasa.

Anza kwa kupima ncha zote mbili kwa tepu. Zinapaswa kulingana. Iliyopungua sentimita mbili au tatu iliwahi kuvunjika, na bei hushuka sana hata kama bado inavulia. Hardy walitengeneza fimbo nyingi, kwa hiyo usitarajie utajiri; lakini iliyo kamili, yenye ncha mbili nzima, huuzwa huko Uingereza mara kadhaa ya bei uliyopewa.

Viungo vya shaba viingie kwa kubana na vikitoka vilie "po!". Kinachocheza hupasua mwanzi pale pale kilipo. Kikikwama usikizungushe, maana mwanzi hujisokota na gundi kuachia. Dondoshea mafuta ya taa, acha usiku kucha, kisha vuteni wawili, moja kwa moja.

Halafu iunganishe na uitikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, ama kiungo kimelegea ama gundi imeachia. Fimbo nyingi za kabla ya miaka ya 1950 ziligandishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, na unyevu wa pwani yetu huilainisha. Ncha iliyopinda kidogo haina neno.

Kolekole, hapana. Ncha haitahimili mvuto wake, na chumvi itavila viungo hadi viote kutu ya kijani. Perege wa Ziwa Rutamba wanaifaa zaidi. Namba za mishipi, zinazoonyesha uzito wa mshipi unaoifaa fimbo, zilianza 1961, hivyo fimbo ya zamani zaidi haina. Penye herufi HDH, alama ya kale ya unene wa mshipi, hesabu kama namba 6. Wewe anza na namba 5, urushe mita kumi tu, na samaki akinasa kwenye magugu vuta mshipi kwa mkono, si kwa fimbo.

Ukirudi, ifute, ianike kivulini hadi ikauke, ndipo uitie mfukoni na kuining'iniza. Ukiiegemeza ukutani itapinda.